Nimeandikiwa dawa za wasiwasi, zipo kwenye sanduku la spana

Tani28:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni dereva wa lori, Dar hadi Lubumbashi, mwaka wa 14 huu. Mwezi wa tatu narudi na shaba, nateremka mlima Kitonga kwa gia ndogo kama siku zote. Ghafla moyo unadunda, vidole vinaingia ganzi, nikaamini kabisa breki hazipo. Geji ya upepo inasoma vizuri, naiona kwa macho, ila siiamini. Utingo anapiga stori tu, hana habari. Ruaha Mbuyuni nikaegesha, nikakaa kwa wauza vitunguu karibu saa nzima nikijifanya nachagua.

Ikajirudia mara tatu. Nikapimwa moyo, presha, sukari: vyote vizima. Mwisho nikaelekezwa kliniki ya afya ya akili. Fulana ya kampuni niliigeuza ndani nje kabla sijaingia getini. Daktari, mama wa makamo, alinisikiliza bila haraka, akasema ni wasiwasi uliopitiliza. Akaniandikia fluoksetini, kapsuli moja kila asubuhi.

Wiki ya pili leo, sijameza hata moja. Kaka anasema ni majini ya njiani, mama anataka nikaombewe. Mimi ninachoogopa: ukianza ndiyo unameza hadi kaburini? Unakuwa zezeta? Na wenzangu wakijua, jina langu litakuwa Mirembe, kama ile hospitali ya akili ya Dodoma, kutoka bandarini hadi Tunduma. Aliyewahi kutumia aniambie.

Mzee wa Kijiwe:
Hayo ni machovu tu mkuu. Wazee wetu waliendesha bila pawa stelingi na hatukusikia kliniki za akili. Chemsha mchaichai, lala siku tatu, tupa hizo kapsuli.

Mama wa Feri:
Kaka, usimsikilize huyo. Mimi ni mwalimu, naishi Kigamboni, natumia tangu 2021, ingawa dawa yangu si hiyo yako. Nilikuwa siwezi kupanda pantoni. Nazunguka darajani, naamka saa kumi usiku, nauli mara mbili, na nyumbani nasema napenda upepo wa daraja!

Nisikufiche, siku za mwanzo zilinitesa: kichefuchefu, mdomo mkavu, na wasiwasi nikauona umezidi. Wiki ya tano nikajikuta nipo katikati ya maji, nanunua karanga, ndipo nikakumbuka kwamba naogopa.

Kosa langu ni Ramadhani. Niliacha ghafla kwa sababu ya funga, sikumuuliza mtu. Usingizi ukakata, kichwa kinaniuma, natapika. Daktari akashangaa: kumbe ningemeza baada ya futari tu. Uzezeta sijauona, waulize wanafunzi wangu wa darasa la sita. Mume wangu bado anaita "vidonge vyako vya kichaa". Nimemzoea.

Dirisha la Dawa:
Mimi ni mfamasia. Kwanza, zitoe kwenye sanduku la spana, joto la kabini linaweza kuziharibu. Fluoksetini huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na si kama diazepamu, dawa ya kutuliza ambayo mwili huizoea upesi ukaanza kuidai. Wengi huendelea miezi kadhaa baada ya kupata nafuu, kisha daktari anawapunguzia taratibu. Usiache mwenyewe.

Je, daktari anajua unaendesha lori? Kama hukumwambia, rudi umwambie kabla hujashika usukani. Ukiona mawazo ya kujidhuru, rudi siku hiyohiyo. Na kama una zile za usingizi za kununua bila cheti, sema ukweli.

Tani28:
Dirisha, umejuaje? Ninazo, nilinunua Tunduma. Nimempelekea daktari zote. Hakunigombeza, ila kuendesha amenizuia kwanza hadi nimwone tena baada ya wiki tatu.

Mzee wa Kijiwe, mchaichai nilishakunywa sufuria nzima. Nilichopata ni kukojoa.

Kapsuli sasa zipo kabati la vyombo, karibu na majani ya chai, mke wangu ndiye ananikumbusha. Leo siku ya nne. Kichefuchefu kipo, usiku nilikesha, Kitonga bado naiota. Bosi nimemwambia nina vidonda vya tumbo, akanipa pole na kuniambia nisile pilipili.

Mama wa Feri, hizo karanga za kwenye pantoni bado ni za moto?