Nesi mwenzenu mgongo unanitesa, naombeni ushauri

Nesi wa Zamu
Habari zenu wakuu. Niko wodi ya wagonjwa wa kiharusi, wengi hawawezi kujigeuza. Maumivu yalianzia kiunoni, sasa yanashuka kwenye tako la kulia mpaka nyuma ya paja. Asubuhi lazima nikae kwanza ukingoni mwa kitanda ndipo niweze kusimama.

Kinachonimaliza ni kumvuta juu mgonjwa aliyeteleza kuelekea miguuni mwa kitanda. Mchana tunashika shuka wawili, tunahesabu, tunavuta. Usiku navuta mwenyewe. Vitanda vingi mkono wa kupandishia umekufa, kwa hiyo kazi yote ni ya kuinama. Nilipomweleza msimamizi, alinijibu nijifunze kuinua mzigo kwa kukunja magoti. Nimeanza kuvaa mkanda wa mgongo na kumeza diklofenaki, dawa ya maumivu, kabla ya kuingia zamu.

Nipige picha ya MRI ya mgongo? Niombe kuhamishwa? Kazi hii naipenda, na sitaki ionekane naikwepa.

Fizio Mkongwe
Pole sana dada. Kabla ya yote jichunguze: una ganzi sehemu za siri au pale unapokalia? Mkojo unagoma, au unatoka bila wewe kujua? Mguu unalegea, unyayo unaburuta? Ukiona mojawapo, nenda idara ya dharura saa hiyohiyo, zamu itapata mtu mwingine. Mishipa ya fahamu ya chini ya uti wa mgongo ikibanwa namna hiyo, kuchelewa kunaweza kuacha ulemavu.

Kama hakuna, MRI si ya kukimbilia. Watu wengi wasioumwa chochote wakipigwa picha hukutwa na diski za uti wa mgongo zilizochakaa, kwa hiyo picha peke yake inaweza kukutisha bure. Maumivu yanayoshuka mguuni mara nyingi hutulia ndani ya wiki kadhaa. Usijilaze kitandani siku nzima: tembea, badilisha mkao, na onana na mtu wa fiziotherapia akupangie mazoezi ya kukufaa wewe.

Diklofenaki ya kila zamu inanitia wasiwasi kuliko mgongo wenyewe. Inachubua tumbo, inaumiza figo na kupandisha presha, halafu inakuziba usisikie mwili unapokuambia basi. Zungumza na daktari. Nao mkanda haujathibitika kumkinga mtu asiumie.

Mama Wodi
Mwanangu, hilo jibu la kukunja magoti tumelisikia miaka mingi na migongo imeendelea kuharibika. Mafunzo ya kuinua yakitolewa peke yake, bila vifaa wala watu wa kutosha, hayapunguzi majeraha. Tatizo ni uzito.

Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, imeweka kilo 23 kuwa mzigo wa juu kabisa kuinuliwa kwa mikono hali zote zikiwa nzuri. Kwa mgonjwa, Thomas Waters, mtafiti wa hapohapo, mwaka 2007 alipendekeza tusizidi kilo 16 hivi, maana mtu si sanduku: hana mishikio, anashtuka, anakung'ang'ania shingoni. Sasa piga hesabu. Mguu mmoja tu wa mtu wa kilo 80 unapita kilo 12. Ukiinua yote miwili umeshavuka kikomo, na hujagusa kiwiliwili.

Kwa hiyo acha kuvuta peke yako. Tafuta shuka la kutelezea, lile la kitambaa laini. Laza kichwa cha kitanda, pandisha kitanda kifike usawa wa nyonga, lipitishe shuka chini ya mgonjwa kwa kumgeuza upande huu na huu. Mwombe akunje goti la mguu wenye nguvu asukume kwa unyayo. Nyie wawili hamishieni uzito wenu kutoka mguu wa nyuma kwenda wa mbele, mikono isiinue. Usipindishe kiuno.

Mzee wa Zamu
Mimi nasema hama wodi, afya kwanza.

Mama Wodi
Kuhama kwa muda sawa, apone. Lakini atakayekuja kushika nafasi yake atainamia vitanda vilevile. Andika, mwanangu. Jaza fomu ya tukio, taja kila kitanda kibovu kwa namba yake, baki na nakala. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 149 wa mwaka 1977 ni wa wauguzi, na unagusa usalama wao kazini. Kuomba kitanda kinachopanda si uvivu.

Nesi wa Zamu
Asanteni, mmenipa nguvu. Ganzi sina, mkojo uko sawa. Kesho naonana na daktari, na fomu naandika. Ila mgonjwa akianza kuanguka nikiwa naye, si lazima nimdake?

Fizio Mkongwe
Usimdake, hapo mgongo huumia kirahisi. Ukiwa umeshamshika, tanua miguu, mwache ateleze taratibu mwilini mwako mpaka sakafuni, ukilinda kichwa chake. Usimwinue. Mchunguze kama ameumia, ita wenzako, anyanyuliwe kwa mashine ya kunyanyulia. Kama haipo, shuka imara na watu wa kutosha, na mmoja wenu awe ndiye anayehesabu.