Riwaya ya kumsomea mama asiyeona vizuri: nipeni majina

BintiLangoni (Lamu), Jumatatu, saa 4:10 usiku

Assalaam alaykum wenzangu. Nimepotea humu tangu kabla ya Ramadhani, najua, na kuna watu watatu wananidai majibu. Nitawalipa. Kwanza nisaidieni mimi.

Mama ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kulia limeziba kabisa, ukimsalimu anakutafuta kwa sauti. Mwezi uliopita nilimpeleka Mombasa akafanyiwe operesheni. Boti hadi Mokowe alfajiri, halafu basi: Witu, Garsen, Malindi, mpaka tunashuka kiuno hakina mwenyewe. Kesho yake wakampima sukari, ikawa juu, daktari akasema hamgusi mpaka ishuke. Tukarudi na macho yetu yale yale. Nikawa najiuliza, sukari imepandaje na mtu chai anakunywa bila sukari tangu mwaka jana? Siku namtandikia kitanda nikakuta chini ya mto kifuko cha halua ya harusi ya mpwa wangu, imebaki ya kupaka kidole. "Hiyo ni ya wageni," akaniambia. Wageni wa chini ya mto!

(Harusi yenyewe ilikwenda salama, alhamdulillah. Bwana harusi alichelewa kwa sababu punda wawili walikutana uso kwa uso kwenye kichochoro na hakuna aliyekubali kurudi nyuma. Picha nitaleta.)

Sasa shida yenyewe. Mama alikuwa mshona kofia. Leo tundu hazioni, mikono imekaa bure, na mtu aliyezoea kazi ya mikono akiikosa hutaka maneno. Kwa hivyo kila baada ya isha tunapanda juu, chini ya makuti, mimi na yeye na binti yangu wa kidato cha pili, nami namsomea. Mama hakwenda skuli. Alisoma chuo cha Kurani, na Kiswahili anakisoma kwa herufi za Kiarabu. Ana daftari aliloandikiwa na shangazi yake, na ndani mna Utendi wa Mwana Kupona mzima.

Kwa hivyo msiniambie nimsomee tendi, nimejaribu. Mwana Kupona nikifungua mdomo yeye ameshamaliza ubeti, kisha ananisahihisha: "Hapo hukuvuta." Binti yangu naye anacheka kila ikifika nasaha ya kumpepea mume, bibi anamwambia Mwana Hashima alitungiwa utendi huo na mamake mgonjwa, yeye anacheka nini. Ikawa ugomvi badala ya kisomo.

Shairi la Inkishafi ndilo nililojutia. Mama ni mzaliwa wa Siyu, kisiwa kile kile cha Pate kinacholiliwa mle. Tulipofika kwenye madaka ya ukutani yaliyokuwa ya vyombo, na sasa wamelala makinda ya ndege, alinyamaza, akaomba kushuka. Asubuhi nikamkuta ndani anapapasa zidaka zetu kimoja kimoja, mkono juu, mkono chini, mpaka akafika pale binti yangu anapochajia simu.

"Hapa pana nini?"

"Chaja, bibi."

"Hewaa. Afadhali kuliko ndege."

Basi nataka riwaya. Ana miaka sabini na nne na hajapata kusoma riwaya hata moja. Nilianza na moja niliyoipenda mimi nilipokuwa chuo (jina naliacha, mwenyewe asije akapita hapa). Mtu amekaa dirishani anawaza, sentensi moja inavuka ukurasa, pumzi zinaniishia. Mama akavumilia kurasa nne, akauliza: "Huyu hana kazi?" Nikaifunga.

Nataka kitabu cha masikio. Watu wawe wanazungumza, jambo liwe linatokea, na Kiswahili kisinifanye nisimamishwe kila mstari. Kisiwe cha mafunzo. Mafunzo anayo yeye, ya kuwagawia nyote humu na kubakisha.

---

MwalimuMstaafu (Malindi), Jumanne, saa 12:30 asubuhi

Wa alaykum salaam, binti yangu. Mpe mama pole, na hiyo halua usimlaumu peke yake, aliyemletea naye yumo.

Habari za huku: mama watoto amefungua meza ya mahamri na mbaazi mbele ya nyumba, na mimi ndiye mkuna nazi. Miaka thelathini na miwili ya chaki imeishia juu ya mbuzi. Saa kumi na moja za alfajiri nimeshakalia, na nikikuna vibaya naambiwa nirudie, kama nilivyokuwa nikiwaambia wanafunzi.

Kitabu: Siku Njema cha Ken Walibora, 1996. Nimekisoma kwa sauti mbele ya madarasa mengi, tena saa nane mchana baada ya chakula cha maharagwe, na hawakulala. Kijana Kongowea Mswahili anajisimulia mwenyewe. Mamake ni mwimbaji wa taarabu Tanga, na mamake akishafariki kijana anashika njia kwenda kumtafuta baba huku Kenya. Kila anapotua pana kisa, kwa hivyo unaweza kukata popote na kesho mkaendelea. Methali zimejaa, mama atazimalizia mwenyewe kabla yako, na hilo litamfurahisha kuliko hadithi.

Tahadhari moja: soma kila sura peke yako kwanza, kwa sauti, jikoni. Macho hayajikwai, ulimi hujikwaa.

---

MtuWaKuze (Mombasa), Jumanne, saa 7:05 mchana

Dada, Bwana Msa! Usihangaike na mwengine. Mzimu wa Watu wa Kale, Muhammed Said Abdulla, 1960, mambo ya Unguja. Mtu ameuawa, Bwana Msa na kiko chake anapekua, Najum anamfuata nyuma akishangaa kila kitu. Wewe utakuwa Najum, mamako atakuwa Msa. Sikuambii zaidi.

Na binti yako umsomee Utendi wa Liyongo hata kama bibi anaujua. Muhammad Kijumwa wenu wa Amu ndiye aliyeuandika, 1913, yule yule fundi wa khati na wa kuchonga. Mtoto wa kidato cha pili akifika pale tupa inapotiwa ndani ya mkate wa wishwa ipelekwe gerezani, hacheki tena.

Za kwangu: tumepata pacha! Wasichana, wiki ya tatu sasa. Mama mkwe anang'ang'ania Kurwa na Doto. Nimempa kitabu cha Farsy chenye jina hilo hilo, nikamwambia asome kwanza yaliyowapata hao pacha halafu tuzungumze. Hajarudi. Sijalala tangu mwezi uandame, msamehe mwandiko.

---

BintiLangoni, Jumanne, saa 3:20 usiku

Mabruki, mabruki! Pacha! Nimemwambia mama, anasema mama yao anywe uji wa pilipili manga, na wewe upunguze kushika simu.

Mwalimu, nimecheka kwa mbuzi mpaka nikamwamsha paka. Siku Njema naitafuta. Mzimu wa Watu wa Kale jirani yangu anacho, hakina jalada lakini kurasa zote zipo. Naanza kesho.

---

MsomajiKimya, Jumatano, saa 4:00 asubuhi

Kwani si urahisi kumtafutia vitabu vya kusikiliza kwenye simu? Unabonyeza, unaenda zako kupika.

---

BintiLangoni, Jumatano, saa 4:45 asubuhi

Ndugu yangu, nilimwekea hadithi moja kwenye simu. Akasikiliza kidogo akasema, "Mwambie angojee, nivae mtandio." Simu haikungoja. Akaambiwa jambo la pili hajamaliza la kwanza, akasema huyo bwana hana adabu.

Na pia mimi sitaki kwenda zangu kupika.

---

UmmuSwafiya (Unguja), Jumatano, saa 2:15 usiku

Bwana Msa nakubali, huyo tumekua naye. Lakini mwenzangu, kama unataka mama aulize "yana tulikomea wapi" kabla hujakaa, msomee Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, ya 1999. Yasmin, msichana wa Kihindi, ameozwa Bwana Raza aliyemzidi miaka mingi, na yeye ana moyo wake. Anaondoka. Anakuja hata huko Mombasa kwenu. Humo mna siasa za kudai uhuru, mna ngoma, na mna majirani wenye midomo kama wangu mimi. Mazungumzo yake ukiyasoma kwa sauti unamsikia Muunguja yupo chumbani.

Ila nikuonye, pana mahali utameza mate. Wewe na mama na mtoto wa kike mmekaa mkeka mmoja... utajua mwenyewe.

Na ukimaliza huo kuna Peponi, ya Abdulrazak Gurnah, ile aliyoiandika kwa Kiingereza na Ida Hadjivayanis akaitia Kiswahili, ikatoka 2022, mwaka baada ya yeye kupata Nobel. Mtoto Yusuf anachukuliwa na tajiri kwa deni la babake, anaingia bara na msafara. Taratibu kidogo, lakini mama aliyekulia mwambao atamjua kila mtu mle.

Kwetu salama. Mume kanunua jokofu jipya, yeye mwenyewe analifungua kila nusu saa kutazama taa.

---

BintiLangoni, Ijumaa, wiki tatu baadaye, saa 4:30 usiku

Nimerudi na ripoti. Kaeni.

Bwana Msa ilituchukua siku tisa. Siku ya kwanza mama aliuliza swali ambalo sikujiandaa nalo: "Watu hawa walikuwako?" Nikasema la, mtunzi amewabuni. Akafikiri. "Wote?" Wote. "Na aliyeuawa pia?" Pia. Akakaa kimya, nikadhani ndiyo basi, mtu wa Mwana Kupona hawezi kukaa kusikiliza ya uongo. Kisha akasema, "Ndoo karibu, hapo mwangaza mdogo. Soma." MtuWaKuze, ulisema kweli: siku ya nne ameshamtia mtu hatiani, na kila nikimtaja mtu huyo anafyonza. Hakuwa yeye. Siku ya tisa ilipofichuka alikasirika, akasema Bwana Msa amepewa siri na mtunzi, yeye hakupewa. Binti yangu sasa anazunguka nyumbani na kijiti mdomoni, anatuhoji nani kamaliza maziwa.

Siku Njema tumeiweka, nakala niliyotumiwa iliingia maji ya chumvi kwenye boti na kurasa za katikati zimegandana kama mkate wa mofa wa jana. Nazibandua moja moja na upande wa kisu. Mwalimu, usiniulize.

Tukaingia Vuta N'kuvute. Ummu Swafiya, Mungu anakuona! Mama amempenda Yasmin kama mjukuu, na Bwana Raza hamtaki hata kumsikia. Nilifuata nasaha ya Mwalimu, nasoma jikoni kwanza, kwa hivyo nilijua mahali penyewe panakuja. Nikapanga. Binti yangu nikamtuma chini akalete maji, nikakaza sauti ile ile, nikaruka nusu ukurasa, nikatokea upande wa pili kwa utulivu kabisa. Sikumumunya neno.

Mama akanyanyua mkono.

"Umetoka usiku umeingia asubuhi."

Nikamwambia ndivyo kilivyoandikwa.

"Mimi nimezaa watoto sita," akasema. "Hapo pana usiku umeuficha. Rudi."

Nikarudi. Nilisoma nusu ukurasa ule nikitazama makuti, masikio yanawaka moto, mama ametulia anachezea pindo la leso kama anasikiliza bei ya sukari. Nilipomaliza akasema, "Basi? Ndilo hilo ulilokimbia?" Na hapo ndipo nikamwona binti yangu kwenye ngazi na jagi la maji. Sijui alifika saa ngapi. Sijauliza.

Habari za macho: sukari imeshuka, halua tumeihamishia kwa jirani mwenye kufuli, na tumepewa siku nyengine, mwezi ujao wiki ya pili. Nikamwambia mama, ukifunguliwa macho utaniachia nipumzike, utasoma mwenyewe. Akaniambia herufi hizi zetu hazijui na hana haja ya kuanza sasa, mimi nitaendelea kusoma, yeye atakuwa ananitazama tu kuona ninaporuka.

Kwa hivyo bado natafuta. Tumebakisha kama siku tano za Vuta N'kuvute, na safari ya Mombasa ni mchana kutwa ndani ya basi, sitaki twende bila kitabu. Nani ana Peponi ya kuazima? Ifungeni vizuri, mumeona yaliyoipata ile nyengine.

---

MwalimuMstaafu, Jumamosi, saa 12:15 asubuhi

Ninayo. Jumatatu naipeleka kituoni, basi lenu la Mokowe likipita hapa naikabidhi, nitakuandikia saa. Nimeizungushia karatasi, kisha plastiki ya kutandikia meza, kisha kamba.

Mama watoto alitaka kutia na ratili ya halua ndani ya kifurushi, salamu kwa mgonjwa. Nimemzuia mlangoni.