Dawa ya joto la ukomo wa hedhi imenizidi bei: nianzie wapi kabla sijakata tamaa?

BintiTanga_Dallas

Salaam kwenu dada zangu, na shikamooni mama zangu mlionitangulia. Nina umri wa miaka 52, ninaishi Dallas, Texas, na kazi yangu ni kuhudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee. Hedhi imeshakoma, lakini joto la ghafla halijaniacha. Linapanda kutoka kifuani hadi utosini, jasho linanitiririka hata nikiwa nimesimama mbele ya kiyoyozi, na usiku huamka kubadilisha shuka ilhali zamu yangu huanza alfajiri. Kwa kuwa miaka ya nyuma nilipata donge la damu kwenye mshipa wa mguu, daktari hakutaka kunipa estrojeni, akaniandikia Veozah, ambayo si homoni.

Nilipofika duka la dawa, mfamasia aliniambia kwamba bima yangu ya kazini haitalipa mpaka daktari aombe idhini ya awali, na kwamba nikitaka kuichukua siku ile ile nitoe zaidi ya dola 500 kwa vidonge vya siku 30. Nikaondoka mikono mitupu, kwa sababu fedha hizo sina, na kama ningekuwa nazo kuna karo ya mdogo wangu huko nyumbani inayosubiri. Mwenzangu kazini amenishauri niinunue mara moja kisha nikate kila kidonge nusu ili vinitoshe miezi miwili. Mwingine ameniletea chupa ya vidonge vya mitishamba. Naomba anayeijua njia hii anieleze nianzie wapi, maana sitaki kuiacha dawa kabla hata sijaionja.

Mfanyakazi_wa_Famasi_MN

Pole sana dada. Ninafanya kazi katika duka la dawa hapa Minnesota, na sehemu kubwa ya siku yangu huishia kwenye simu na kampuni za bima, kwa hiyo nitakueleza kwa kirefu.

Kwanza kabisa, tafadhali usikate kidonge hicho. Veozah ni kidonge cha miligramu 45 kinachomezwa kizima mara moja kwa siku, na maelezo yake yanakataza kukikata, kukiponda au kukitafuna. Ukikigawa utakuwa umelipa bei yote kwa dozi ambayo hakuna aliyethibitisha kwamba inafanya kazi.

Kuhusu bei, hukudanganywa. Dawa hii iliidhinishwa Marekani tarehe 12 Mei 2023, na mtengenezaji, Astellas, aliitoa sokoni kwa bei ya orodha ya dola 550 kwa mwezi. Hata hivyo, hiyo ni bei ya mtu ambaye bima yake haijagusa chochote, na wewe bado hujafika hapo. Ulichoambiwa si kwamba bima imekataa moja kwa moja. Umeambiwa kwamba inataka maelezo, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Nimeona akina mama wengi wakikunja karatasi ile, wakaitia mkobani na wasirudi tena, wakati kilichokuwa kinahitajika ni daktari kujaza fomu moja.

Mpigie simu karani wa daktari wako, umuulize kama ombi la idhini limeshatumwa. Mara nyingi duka la dawa hutuma taarifa kwa faksi, nayo ikakaa huko bila mtu kuishughulikia. Mwombe daktari aandike waziwazi kwamba uliwahi kupata donge la damu mguuni na kwa hiyo estrojeni haikufai, aeleze unaamka mara ngapi usiku, na ataje dawa nyingine ulizojaribu na kilichotokea. Kampuni nyingi za bima hutaka mgonjwa aanze na dawa za bei nafuu kabla ya kulipia hii, na historia yako ya donge la damu ndiyo hoja yako yenye nguvu kuliko zote. Isipoandikwa kwenye fomu, anayeipitia hawezi kuijua.

Ombi likikataliwa, utapewa barua yenye sababu. Itunze. Kwa bima nyingi za kazini una siku 180 za kukata rufaa ndani ya kampuni yenyewe, na wakishikilia kukataa unaweza kuomba kesi yako ipitiwe na wakaguzi wa nje wasio waajiriwa wao, ndani ya miezi minne tangu uamuzi wa mwisho. Uamuzi unaotokana na ukaguzi huo wa nje unaifunga kampuni ya bima.

Kuna pia kadi ya punguzo ya mtengenezaji, ambayo kwa mwenye bima ya kazini kama wewe hupunguza sana kile unacholipa dirishani. Ina kikomo chake kwa mwaka, kwa hiyo soma masharti. Jambo ambalo watu wengi hawaambiwi ni kwamba baadhi ya bima hazihesabu fedha zilizotoka kwenye kadi hiyo katika kile kiasi unachotakiwa kulipa mwenyewe kila mwaka kabla bima haijaanza kuchangia. Mtu hupata dawa kwa nafuu miezi ya mwanzo, kadi ikaisha, kisha katikati ya mwaka akadaiwa bei kubwa bila kuelewa kwa nini. Piga namba iliyo nyuma ya kadi yako ya bima, uulize swali hilo hilo moja, na uandike jina la aliyekujibu.

Dada_wa_Columbus

Mimi nilikuwa sina bima kabisa nilipofikia hatua hiyo, kwa hiyo nilipita njia nyingine, nayo huenda ikakufaa hata wakati unasubiri majibu ya bima.

Kila jimbo lina vituo vya afya vya jamii vinavyopata ruzuku ya serikali kuu, ambavyo havimrudishi mgonjwa kwa kukosa bima na hutoza ada kulingana na kipato na ukubwa wa familia. Vingi kati ya hivyo pia hupata dawa kwa bei ya chini kupitia mpango wa serikali kuu uitwao 340B. Nilipeleka hati za mshahara, nikaonwa na daktari, na badala ya kuniandikia dawa mpya yenye jina kubwa alinianzishia venlafaxine, ambayo ni dawa ya zamani ya sonona inayosaidia pia kupunguza joto hili. Kwa kuwa inatengenezwa na viwanda vingi, bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na hiyo yako. Alinipima shinikizo la damu kwanza, maana inaweza kulipandisha, na akanionya nisiiache ghafla. Usingizi wangu umerudi, ingawa sisemi kwamba joto limekwisha lote.

Kuna nyingine za namna hiyo ambazo daktari anaweza kuzifikiria, kama gabapentin, ambayo humfaa zaidi anayesumbuliwa usiku, oxybutynin, au paroxetine ya dozi ndogo. Chama cha wataalamu wa ukomo wa hedhi cha Amerika Kaskazini kilizikubali zote hizi pamoja na Veozah katika mwongozo wake wa mwaka 2023 kuhusu tiba zisizo za homoni. Mwongozo huo huo haukupendekeza virutubisho wala mitishamba, kwa sababu ushahidi wake hautoshi. Nakuomba chupa uliyoletewa umwonyeshe daktari kabla hujaifungua, kwa maana baadhi ya mitishamba inayouzwa kwa ajili hii imehusishwa na madhara ya ini, nayo Veozah yenyewe inahitaji ini lenye afya.

BibiWaLamu_NewJersey

Marahaba binti yangu. Nimevuka miaka 66 na joto hili bado linanitembelea, kwa hiyo usimsikilize anayekwambia vumilia tu, litapita mwakani.

Nawaandikia hasa walio kwenye Medicare, yaani bima ya serikali ya wazee, kama mimi, wasije wakasoma habari za kadi ya punguzo wakaenda nayo dukani na kuaibika. Kadi za watengenezaji haziruhusiwi kwa Medicare, kwa Medicaid, yaani bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, wala kwa bima ya jeshi. Sisi tunachoweza kufanya ni kumwomba daktari atuombee ruhusa maalumu kwa dawa isiyo kwenye orodha ya mpango wetu, na mpango unatakiwa kujibu ndani ya saa 72 tangu upokee maelezo ya daktari. Ikikubaliwa, tangu mwaka 2025 kuna kikomo cha fedha ambazo mtu hulipa kwa mwaka kwa dawa zilizokubaliwa. Mwaka huo kilikuwa dola 2,000, na mwaka 2026 ni dola 2,100. Tena unaweza kuomba malipo yagawanywe kila mwezi badala ya kutoa kiasi kikubwa mwezi wa Januari. Mwenye kipato kidogo aombe Extra Help, yaani msaada wa serikali wa kulipia dawa za Medicare, kupitia ofisi ya Social Security, yaani ya hifadhi ya jamii. Mimi mwanangu ndiye aliyenijazia fomu, na haikuwa kazi ngumu.

BintiTanga_Dallas

Mungu awabariki nyote. Nimempigia karani wa daktari leo wakati wa mapumziko, na kweli fomu ilikuwa imekaa bila kujazwa. Ameahidi kuituma pamoja na taarifa ya donge la damu. Nimemwomba pia daktari anieleze kama venlafaxine inanifaa iwapo jibu litachelewa. Nina swali moja limebaki: Dada wa Columbus amegusia ini, na karani naye ametaja vipimo vya damu. Je, hivyo navyo ni gharama nyingine?

Mfanyakazi_wa_Famasi_MN

Ndiyo, na ni vizuri umeuliza mapema. Desemba 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dawa hii iwekewe onyo la ngazi ya juu kuhusu madhara makubwa ya ini, ambayo ni nadra lakini yametokea. Unapimwa kabla ya kuanza, kisha kila mwezi kwa miezi mitatu ya mwanzo, halafu mwezi wa sita na wa tisa. Muulize daktari maabara ipi iko ndani ya mtandao wa bima yako, kwa sababu kipimo kile kile kikipelekwa kwenye maabara ya nje kinaweza kukuletea bili ambayo hukuitarajia. Ukiwa na akaunti ya akiba ya matibabu isiyokatwa kodi kupitia mwajiri wako, fedha zake zinaweza kulipia vipimo hivyo pamoja na dawa yenyewe.

Usiruke kipimo hata kimoja kwa ajili ya kubana matumizi. Ukiona macho au ngozi inageuka manjano, mkojo unakuwa mweusi, mwili unawasha au unachoka kupita kawaida, acha dawa na umwone daktari siku hiyo hiyo. Pia mwambie kila anayekuandikia dawa kwamba unatumia Veozah, kwa kuwa haipaswi kutumiwa pamoja na baadhi ya dawa za kawaida, mojawapo ikiwa ciprofloxacin, ambayo wengi hupewa wanapougua njia ya mkojo.