Naomba ushauri: binti yangu wa miaka 14 amejifungia

Wapendwa, naombeni msaada wa mawazo. Tangu rafiki zake wamtoe kwenye kundi lao la simu, wiki ya tano sasa, binti yangu si yule ninayemjua. Chakula anakigusa tu, usiku wa manane yuko macho (na umri wake unahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10), nikimuuliza anasema "niko sawa mama" huku akigeukia ukutani.

Mwanzoni nilikosea, nilimnyang'anya simu nikidhani ndiyo tatizo. Akazidi kununa. Kumbe kwa kijana kutengwa na wenzake ni kidonda kweli, tena ubongo wake bado unajifunza kutuliza hisia kali.

Juzi kaniambia, "Hata nisipokuwepo hakuna atakayejua." Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Najua kumuuliza waziwazi kama anawaza kujidhuru hakumpandikizii wazo hilo, lakini ulimi unakuwa mzito.

Waliopitia haya, mlianzaje mazungumzo bila mtoto kuhisi anahojiwa? Na mshauri nasaha, nimpeleke hata kama hataki? Baba yake anasema tumpe muda. Mimi naogopa kusubiri.