Raifoli ya mbweha: kitako cha mbao au plastiki, chuma cheusi au cheupe?

Mlinzi wa Zizi

Wakuu, naombeni ushauri kwa aliyewahi kutumia zote mbili, si kuziona tu.

Nina raifoli ya risasi za .223 niliyoachiwa na baba mkubwa. Mtutu ni mweusi wa kung'aa, kitako ni mbao ya mjozi iliyopigwa vanishi hadi unajiona sura. Naipenda kwa sababu ya aliyeniachia. Ila kazi yangu ni mbweha wanaonimalizia wanakondoo. Naingia kichakani kabla hakujapambazuka, napuliza filimbi yenye sauti ya sungura aliyeumia, nasubiri.

Mwezi huu mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Siku ya nne nikatoka. Mbweha akaja, akasimama mita 120 hivi, kifua kimenielekea. Nikafyatua, udongo ukaruka kushoto kwake. Nikajilaumu mwenyewe. Jioni nikaweka karatasi ya shabaha mita 100, nikapiga tatu nikiwa nimelala chini na bunduki iko juu ya mfuko wa mchanga. Zote tatu zilikaa pamoja, unaweza kuzifunika kwa kifuniko cha chupa, lakini ziko sentimita 9 kushoto. Kabla ya mvua zilikuwa katikati.

Asubuhi nyingine jua ndio linachomoza, mbweha akatokeza mbali, akatazama moja kwa moja nilipo, akageuka. Sikuwa nimejitikisa. Nahisi aliona mng'ao.

Sasa nafikiria kuiweka hii ndani na kutafuta yenye mtutu wa chuma kisichoshika kutu na kitako cha plastiki. Au nipeleke hii ikapigwe rangi ya Cerakote? Kibali ninacho na mbweha ninaruhusiwa kuwawinda, kwa hiyo hapo tusipoteze muda.

Fundi Mitutu

Mkuu, usiiweke ndani bado. Risasi tatu zinazokaa pamoja lakini mahali pasipo pake, tena baada ya mvua, mara nyingi sana ni mbao. Mtutu hauna tatizo, na mkono wako hauna tatizo.

Toa magazini, fungua chemba, hakikisha kwa jicho na kwa kidole kwamba hamna risasi. Kisha chukua ukanda wa karatasi, uzungushe chini ya mtutu kwenye ncha ya mbele ya kitako, ushike pande zote mbili na uuvute taratibu kuelekea chemba. Unatakiwa uteleze bila kusita. Ukikwama, hapo ndipo mbao inapousukuma mtutu. Ya kwangu ilikwama vidole vinne tu kutoka ncha, upande wa kulia. Nikafungua skrubu, nikapaka masizi ya mshumaa yenye tone la mafuta chini ya mtutu, nikarudisha, nikakaza, nikafungua tena. Ndani ya mfereji wa mbao palikuwa na alama nyeusi ndefu kama kidole cha mwisho. Mbao ikisukuma kutoka kulia, mtutu unakwenda kushoto, na risasi inaufuata. Nadhani unaona inavyofanana na ya kwako.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba vanishi inayong'aa nje mara nyingi haifiki ndani. Toa chuma uangalie mfereji na sehemu ya nyuma chini ya bamba la begani. Ukikuta mbao iko uchi, rangi yake hafifu kama ya sanduku jipya, basi unyevu umekuwa ukiingia huko miaka yote. Kwangua pale penye alama tu, kidogo kidogo, kwa msasa uliozungushiwa kijiti cha mviringo, hadi karatasi ipite. Halafu ziba mbao yote ya ndani, mikono miwili au mitatu ya mafuta ya tung, yale ya mbegu za mti yanayokauka juu ya mbao, au vanishi nyembamba, kila mkono ukauke kabisa. Ukiweza, mpe fundi aweke nguzo mbili za alumini kwenye matundu ya skrubu na akalishe mitambo, yaani chuma chenye chemba, kwenye gundi ya epoksi. Baada ya hapo skrubu inabana chuma kwa chuma, haitegemei tena mbao inavyovimba na kusinyaa.

Kama ungekuwa unanunua kitako kipya, mimi ningechagua cha mbao za tabaka, ile inayotengenezwa kama plaiwudi kwa vipande vyembamba vilivyogandishwa na gundi ngumu. Hakipindi kirahisi, hakina sauti, na shavu halishtuki baridi ya alfajiri kama kwenye kitako cha alumini. Dosari yake ni uzito. Plastiki ya bei nafuu mimi siipendi kwa mbweha, na kutu si hoja hapa. Ndani ni tupu. Kifungo cha koti kikigusa, inalia kama debe. Mbwa husikia sauti nyembamba hadi karibu hezi 45,000 na sisi tunaishia 20,000, na mbweha ni wa ukoo huohuo. Tena ncha yake inalegea. Ukiiegemeza kwa nguvu kwenye miguu miwili ya kusimamishia, inapinda na kugusa mtutu, nawe umerudi palepale pa mbao iliyovimba.

Kuhusu chuma. Ule weusi wa mtutu wako wenyewe ni aina ya kutu, kutu nyeusi iliyotengenezwa makusudi kwenye chumvi za moto. Ni ngozi nyembamba mno, na kinachozuia kutu nyekundu ni mafuta unayoyapaka juu yake. Chuma cheupe, hicho kinachoitwa kisichoshika kutu, nacho kinashika kutu, msidanganyike. Aina ya 416 inayotumika sana kwenye mitutu ina kromiamu asilimia 12 hadi 14, lakini imeongezwa salfa ili ichongeke vizuri, na salfa hiyo inapunguza uwezo wake wa kuhimili chumvi ya jasho. Nimefuta madoa ya kahawia kwenye mitutu ya namna hiyo iliyolala siku mbili ndani ya mfuko wenye unyevu. Na kikiwa hakijapigwa mchanga kufifishwa, kinang'aa kuliko wako.

Kwa kazi yako mimi naipa fosfeti alama ya juu. Chuma kinachovywa kwenye maji ya moto yenye asidi ya fosforiki na manganisi, kinatoka kijivu cheusi, kinakwaruza kidogo ukipitisha kidole, na kinanywa mafuta na kuyashika. Bunduki nyingi za jeshi la Marekani za Vita Kuu ya Pili zilifanyiwa hivyo. Haishiki kwenye chuma cheupe, lakini wako unafaa. Cerakote ni nzuri pia. Ni rangi yenye seramiki inayookwa kwenye tanuri, unene wake kama sehemu ya arubaini ya milimita. Shida ni maandalizi. Chuma kisipopigwa mchanga na kuondolewa mafuta sawasawa, inabanduka kwenye pembe. Na mwambie fundi azibe ndani ya mtutu na chemba kabla hajapuliza.

Rangi yenyewe isikusumbue. Mbweha na mbwa wanaona vizuri buluu na njano, lakini nyekundu na kijani kwao hazitofautiani sana. Kahawia au kijani ni mamoja. Kinachokuuza ni mng'ao na kujitikisa.

Tembea Mbali

Fundi naheshimu maneno yako, ila kwenye uzito tusipite haraka. Mimi natembea kilomita 10 hadi 12 kwa usiku mmoja. Niliwahi kubeba mbao za tabaka pamoja na darubini kubwa, jumla ikakaribia kilo 5. Saa ya nane ya kutembea ilinikuta nimekaa juu ya jiwe bila hamu ya kuita chochote. Sasa nina kitako cha faibaglasi chenye uti wa alumini ndani, na ncha yake hailegei. Aliye na plastiki tupu anaweza kujaza povu gumu nyuma, ile sauti ya debe inakufa. Povu lisisogee tu kwenye mitambo.

Halafu onyo kwa wanaofunga kitambaa kwenye mtutu kuficha mng'ao. Nilifunga utepe wa kitambaa, nikauacha msimu mzima. Nilipoufungua, chini yake palikuwa na vishimo vya kutu mzunguko mzima, kila ukingo wa utepe umeacha mstari wake. Vishimo vile havikutoka hadi leo. Ukifunga, fungua siku hiyohiyo unaporudi.

Jicho la Alfajiri

Mlinzi, yule aliyegeuka jua likichomoza pengine hakuuona mtutu. Kioo cha mbele cha darubini kikitazamana na jua ni taa kabisa. Weka bomba la kivuli mbele yake. Na uso wako ulikuwa umefunikwa? Mikono je?

Mlinzi wa Zizi

Wakuu, nashukuru sana. Uso ulikuwa wazi, na jua lilikuwa mbele yangu, kwa hiyo bomba la kivuli nimeshaagiza.

Karatasi imekwama, Fundi. Upande wa kulia, ila yangu ni karibu na katikati. Ndani mbao iko uchi kabisa, na nyuma chini ya bamba nimekuta alama ya penseli, nadhani ya aliyeichonga. Sikuigusa. Nimekwangua jioni mbili hadi karatasi ikapita. Jana nimepiga tatu, zimerudi hadi sentimita 2 kutoka katikati, bila kugusa skrubu za darubini. Kisha nikaanza kuziba ndani kwa mafuta ya tung, mkono wa kwanza bado unakauka. Vanishi ya nje nimeififisha kwa msasa wa maji namba 600. Mng'ao umekwenda, mistari ya mjozi imebaki.

Mtutu nitaupeleka kwenye fosfeti mafuta yakishakauka. Mvua ikinyesha tena siku mbili tatu, nitapiga karatasi nyingine nilete picha.

Fundi Mitutu

Vizuri sana. Ile alama ya penseli usiipake mafuta mazito, itafifia. Na ukirudisha skrubu, kaza ya mbele kwanza huku bunduki imesimama kwa kitako chake, ili mitambo ikae nyuma kabisa. Kisha ndipo ya nyuma.