Usajili wa ramani yangu ya mtandaoni unaisha Ijumaa. Niihamishe, niiache au niifute? Naombeni ushauri

Kipimapembe (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Sina raha tangu juzi, hata chakula hakipandi, nimeona nije kwenu.

Mimi ni kijana wa miaka 27, nakaa Mabibo, Dar, nimesoma jiomatiki, yaani upimaji na ramani. Mwaka huu nilipata mkataba kwenye kampuni moja ya ushauri, jina tuliache. Kazi ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba bondeni, Kigogo na Hananasif, kuhesabu nyumba zinazoingiliwa na maji ya mto Msimbazi. Data tulikusanya kwa simu. Usiku mimi ndiye nilikuwa nazisafisha kwenye QGIS, programu ya kuchora ramani, na kuzipandisha ArcGIS Online, huduma ya kulipia ya kuweka ramani mtandaoni, ili mabosi wazifungue kwenye kishikwambi popote walipo bila kusakinisha chochote. Sijisifu, ila ramani imetoka. Nyumba 2,140. Njano ni maji ya magotini, chungwa ya kiunoni, nyekundu ya dirishani. Ukigusa nyumba, kijidirisha kinafunguka.

Tatizo: kampuni ililipia mwaka mmoja, na msimamizi wa akaunti niliandikishwa mimi. Mkataba wangu umekwisha, nao hawajanitoa. Usajili unaisha Ijumaa na ramani iko wazi kwa kila mtu. Niihamishie sehemu ya bure, niiache ijifie au niifute? Nawasilisha. Matusi sitaki.

Mzee wa Mbuyuni

Ngoja waje wenye ramani zao. Mimi wageni nawaambia washuke kwenye mbuyu waulize fundi viatu, na hajawahi kupotea mtu.

FundiWaSeva

Mkuu, kosa lilianza pale mlipokubali kulipia. QGIS ni ya bure, ndani yake kuna programu-jalizi ya qgis2web. Unabonyeza mara mbili tatu, inakutolea kurasa za wavuti zenye ramani, zilizojengwa kwa Leaflet, unazipakia GitHub, tovuti ya kuhifadhi mafaili, ramani iko hewani bila senti tano. Ukitaka ukubwani kabisa, weka GeoServer, programu ya kugawa ramani, kwenye seva ndogo ya kukodi, inatoa kwa njia mbili. WMS inampa mtu picha ya ramani, WFS inampa data yenyewe. Unachagua mwenyewe umpe kipi. Kulipia leseni kwa dola huku unalala Mabibo ni kujitakia.

Kipimapembe

Asante FundiWaSeva, hiyo ya GitHub ndiyo nilikuwa naifikiria. Nimeshaanza kutoa mafaili.

Baba Nasra

Umenikumbusha mbali. Niliwahi kutumwa niweke viwanja vya shemeji yangu, viko Kigamboni, kwenye ramani ya mtandaoni ili wateja walioko nje wavione. Nikaandika namba zote vizuri, nikamtumia. Saa sita usiku ananipigia: "Shemeji, viwanja vyangu viko Hispania." Nikajua amelewa. Kufungua, kweli, viko Hispania, karibu na mpaka wa Ureno! Kumbe GeoJSON, aina ya faili niliyotumia, inataka longitudo itangulie, mimi nimetanguliza latitudo. Dar iko kama 6.8 kusini na 39.3 mashariki; ukizigeuza unakwenda kuuza kiwanja Ulaya. Shemeji mpaka leo kwenye vikao vya familia ananiita balozi.

Dkt. Kachumbari

Hahaha balozi. Afadhali Hispania ina nchi kavu. Mimi vituo vyangu vya maji vilikuwa na nafasi tupu kwenye namba, vyote vikahamia sifuri kwa sifuri, Ghuba ya Guinea. Mteja akaniuliza kama kisima cha baharini kina maji baridi.

Bint wa Kigogo

Turudi kwenye mada. Mleta uzi, mtu akigusa nyumba, hicho kijidirisha kinaonyesha nini?

Kipimapembe

Taarifa za kawaida tu dada. Aina ya ukuta, paa, kina cha maji.

Bint wa Kigogo

Hiyo ni kwenye kijidirisha. Kwenye jedwali kuna nini? Mtu halali njaa kwa sababu ya mabati.

Kipimapembe

Sawa. Kuna jina la mkuu wa kaya, simu, idadi ya watu, na safu moja ya umiliki: ana hati, ana leseni ya makazi, au hana kitu. Lakini majina na simu nimeyaficha yasitokee kwenye kijidirisha, kwa hiyo hapo hakuna shida.

Tabaka la Saba

Kijana, shida ipo, tena hapo hapo. Nimefanya hii kazi yako kwa miaka kadhaa, nakuambia kwa upole.

Kuficha safu kwenye kijidirisha ni sawa na kufunika sufuria kwa kanga. Harufu huipati, lakini ugali upo. Leya, yaani tabaka lenye data yenyewe, imekaa kwenye wingu na ina anwani yake. Kama iko wazi, yeyote mwenye anwani hiyo anaiuliza "nipe mistari yote na safu zote", inampa, na simu zikiwemo. Ramani yenyewe ni kama orodha tu inayosema "chukua leya ile, ipake rangi hii". Ndiyo maana watu wanaifunga ramani, wanalala usingizi, kumbe leya imebaki uchi. Vinafungwa vyote viwili.

Na huko GitHub unakokwenda ni kubaya zaidi kwa data ya namna hii. qgis2web inamwaga data yako nzima kwenye faili ambalo kivinjari cha kila mtu kinalishusha. Hata ukilifuta kesho, historia ya hazina, yaani ghala lako la mafaili huko, inalikumbuka.

Njia ya kawaida: leya mama unaibakiza kwako tu. Unatengeneza mwonekano wake wenye safu za mafuriko peke yake, au unajumlisha kwa mtaa, kwamba mtaa huu nyumba kadhaa maji ya kiunoni. Huo ndio unauweka hadharani. Serikali ya mtaa haihitaji namba ya simu ya mtu ili ijue pa kuchimba mtaro.

Ramani kwa Wote

Sikubaliani na hii tabia ya kufungia data. Mimi ni mmoja wa wanafunzi tuliotembea na Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za mitaa ya Dar, kuanzia 2015, karatasi mkononi, matope mpaka kwenye soksi. Kila mtaro, kila choo cha umma, kila kichochoro kiliingia OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyo wazi kwa wote, na mpaka leo yeyote anachukua. Droni ziliruka, picha zikawekwa wazi. Kabla ya hapo Tandale 2011 ilikuwa hivyo hivyo. Zingefungiwa kabatini, nani angejua maji yanapita wapi?

Bint wa Kigogo

Kaka, kwenye OpenStreetMap uliwahi kuandika jina la mwenye nyumba?

Ramani kwa Wote

Hapana. Hairuhusiwi.

Bint wa Kigogo

Haya.

Mstaafu wa Masijala

Kipimapembe mdogo wangu, tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11, ilianza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Jina na simu ya mtu vilivyochukuliwa kwa kazi moja haviendi kwenye kazi nyingine bila yeye kujua. Swali langu ni dogo. Mlipokuwa mnagonga hodi, mliwaambia nini?

Kipimapembe

Kulikuwa na maneno mwanzo wa fomu, lazima uyasome kabla haijafunguka. "Taarifa hizi zitatumika kwa shughuli za mafuriko tu." Niliyasoma mimi mwenyewe kila nyumba. Lakini mzee, naomba tusihukumiane, kampuni ndiyo iliyotaka ramani iwe wazi, siyo mimi.

Mstaafu wa Masijala

Na umesema kampuni imeshaachana na wewe. Unaweza kuifunga sasa hivi. Kwa nini hujaifunga?

Kipimapembe

Ni stori ndefu.

Dkt. Kachumbari

Tuna muda. Foleni Ubungo haijasogea tangu saa kumi na moja.

Kipimapembe

Kampuni inanidai... yaani mimi naidai mshahara wa miezi miwili. Nimepiga simu, nimeandika barua pepe, naambiwa fedha za mradi hazijaingia. Wiki tatu zilizopita kuna mzee mmoja anajishughulisha na viwanja akanipata kupitia rafiki. Alishaiona ramani, linki ilikuwa inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Akasema anataka faili lenye zile nyumba za "hana kitu" pamoja na simu. Amenipa laki nne ya kuanzia. Nyingine laki sita nikimkabidhi Ijumaa.

Kabla hamjanirukia: ramani iko wazi tayari. Angejua namna angejichukulia mwenyewe. Mimi namrahisishia tu kazi. Na kodi ya chumba nilishalipa kwa ile laki nne.

Mama Upendo

Ee Mungu wangu. Mwanangu, umeuza watu.

Pweza Mkavu

Hajauza watu, ameuza eksel. Mkuu njoo chemba tuzungumze, mimi laki nane.

Mstaafu wa Masijala

Hawa vijana hawajui wanachocheza nacho. Desemba 2011 maji yalipobeba watu bonde lile, waliobaki walipelekwa Mabwepande. Mwishoni mwa 2015 kuingia 2016 zikapita alama za X nyekundu ukutani na mitambo ya kubomoa. Nyumba isiyo na karatasi bondeni ni mtu anayelala na jicho moja wazi. Sasa dalali ampigie akimtaja jina, ajue ana watoto wangapi, ajue hana hati, amwambie "uza kwangu kwa milioni mbili kabla hawajaja". Unadhani atauliza umeijulia wapi? Atajua umetumwa na serikali.

Sijui Siamini

Wakuu, mnamwaga busara bure. Hii ni chai, tena ya rangi, haina hata tangawizi.

Nimeikuza ile picha ya skrini aliyoweka kwenye wasifu wake jana. Angalieni: nusu ya nyumba zake ziko katikati ya mto! Safu nzima imesimama kwenye maji, na ng'ambo, kwenye mabati halisi, hakuna nukta. Msomi wa jiomatiki, miezi kwenye mradi, asione nyumba zinaogelea? Kijana kachukua picha mahali, katunga dalali, katunga laki nne, anataka mtoto wa mjini amchangie kodi. Leta linki au nyamaza.

Pweza Mkavu

Duh. Laki nane yangu naifuta.

Dkt. Kachumbari

Nilianza kushuku pale kwenye "chakula hakipandi". Aliyekosa hamu ya kula haandiki aya tatu.

Kipimapembe

Sijatunga. Zile nyumba ziko mtoni kwa sababu mchoro wa zamani wa viwanja tuliopewa ulikuwa kwenye Arc 1960, mfumo wa zamani wa kupimia mahali, na data ya simu iko WGS84, mfumo wa GPS. Mtu akausoma mchoro kama WGS84, nyumba alizozinakili kutoka kule zikasogea. Zile nyingine ziko sawa. Nilitakiwa kuzirekebisha nikiwa kwenye mkataba, mkataba ukaisha. Linki siweki hapa.

Sijui Siamini

Arc 1960, Arc 1961. Maneno ya kutisha kwa wasiojua.

Tabaka la Saba

Hapo anasema kweli. Ukichanganya hizo mbili hapa kwetu kila kitu kinasogea karibu mita 300. Nimewahi kuona shule ya msingi ikiwa juu ya reli kwa sababu hiyo hiyo. Kwangu mimi lile kosa ndilo linalonifanya nimwamini. Mtunzi angepanga nyumba zikae vizuri.

Sijui Siamini

Basi mkuu, umeshaolewa na uzi. Mimi natoka.

Bint wa Kigogo

Usitoke.

Kitu kikiwekwa hadharani kule kinatafutika. Nimeandika Kigogo na mafuriko kwenye kisanduku cha kutafuta, nikapata ramani yenye rangi zile zile za kwenye picha. Njano, chungwa, nyekundu. Nikafuata anwani ya leya kama alivyoeleza Tabaka la Saba. Nimechuja kwa jina la ukoo wetu.

Mama yangu yumo. Watu sita, ni kweli, tuko sita. Maji ya kiunoni. Umiliki: hana kitu. Namba ya simu ni ile ninayomwekea vocha kila Jumapili.

Sijui Siamini

Samahani dada.

Mama Upendo

Pole mwanangu. Mpigie mama.

Kipimapembe

Dada pole sana. Nimeifunga ramani sasa hivi. Jaribuni kufungua, haifunguki.

Tabaka la Saba

Ramani haifunguki. Leya inafunguka. Nimeomba mistari yote dakika hii, imekuja 2,140.

Kipimapembe

Leya nikiifunga yule mzee atajua nimemgeuka. Hela yake nimeshaitumia. Nipeni mpaka Ijumaa, usajili ukiisha kila kitu kitajifunga chenyewe na hakuna atakayenilaumu.

Mstaafu wa Masijala

Kwa hiyo uzi wote huu ulikuwa unatafuta mtu wa kukuambia "iache ijifie".

Bint wa Kigogo

Nimeongea na mama. Anasema kuna mwanaume alipiga asubuhi, sauti ya heshima, akamwita kwa majina yote mawili, akamuuliza mafuriko ya safari hii yalifika wapi. Mama akamjibu vizuri, akajua ni yule kijana wa mradi aliyekuja na simu, aliyempa kiti na maji ya kunywa.

Kipimapembe

Siyo mimi niliyepiga. Wallahi faili sijampa bado.

Dada, mama anaitwa nani? Nitumie chemba, nimfute. Mstari wake tu naweza kuutoa sasa hivi bila yule mzee kugundua.

Bint wa Kigogo

Mfute yeye. Halafu mfute jirani yake, maana ndiye aliyemkopesha kile kiti ulichokalia. Halafu jirani wa jirani, endelea hivyo hivyo mpaka ufike mtoni, na wale uliowaweka kwenye maji usiwasahau.

Baba Nasra

Wakuu samahani, nimesoma kuanzia juu. Usajili ukiisha, data inafutika au inabaki? Shemeji naye wa kwake unaisha mwezi huu na naona hilo hamkulijibu.