Naomba ushauri: bonsai ya pili iwe mreteni au elmu ya Kichina?

Habari zenu wanajamvi. Nina bonsai, yaani mti unaokuzwa chunguni na kupogolewa ubaki mdogo, ya jamii ya fikasi (ficus, jamii ya mitini) inayoendelea vizuri dirishani. Nikikata tawi hutoa utomvu mweupe, na haichukui muda machipukizi mapya hujitokeza nyuma ya jeraha. Sasa nataka kuongeza mti wa pili, na nimebaki njia panda kati ya mreteni (juniper) na elmu ya Kichina (Chinese elm).

Mreteni unanivutia zaidi kwa sura yake ya uzee, lakini naelewa kwamba haustahimili kuishi ndani, kwa kuwa unahitaji jua la kutosha, hewa inayozunguka na kipindi cha baridi cha kupumzika. Tena ni mti msiri, maana mizizi ikishakufa majani yanaweza kubaki ya kijani kwa wiki kadhaa kabla mwenyewe hujagundua. Elmu inasifiwa kwa uvumilivu.

Naomba wenye uzoefu mnisaidie: je, kibaraza kinachopata jua la asubuhi pekee kinautosha mreteni? Fikasi huimwagilia pale tu ninapogusa udongo wa juu na kukuta umeanza kukauka. Je, utaratibu huo unafaa pia kwa miti hii miwili, au kila mmoja una masharti yake?